Mshono wa Buibui, Darizi ya Kanzu: Nilivyojifunza Kupima Filamu na Kuliamini Jicho

Mzee aliyenifundisha kazi ya picha, katika studio ndogo ya Mji wa Kale, Mombasa, hakuwa na saa katika chumba chake cha giza. Aliishika filamu pana ya namba 120 kwa ncha zake mbili na kuipitisha ndani ya bakuli la dawa, mkono wa kulia ukipanda na wa kushoto ukishuka, kisha kinyume chake, huku midomo yake ikimswalia Mtume kwa sauti ya chini ambayo mimi, niliyesimama nyuma yake gizani, niliisikia kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Zilipotimia swala mia mbili, filamu ilitoka kwenye dawa ikaingia kwenye maji, na kutoka kwenye maji ikaingia kwenye haipo. Haipo ndilo jina tulilolipa dawa ya kuigandisha picha, neno la Kizungu lililopindwa na ndimi zetu, na kila asubuhi mtu aliuliza, "Haipo ipo?" na mwenzake akajibu, "Haipo haipo, imekwisha jana," mpaka wateja waliokuwa wakingoja picha za pasipoti wakatutazama kwa mashaka.

Hiyo ilikuwa mwaka 1989, nami nilikuwa nimetoka shule karibuni, nikiamini kwamba kitu kisichoandikwa hakijulikani. Siku tatu mfululizo nilisimama nje ya mlango na saa ya mkononi nikimpima Mzee kwa siri. Swala zake mia mbili zilikuwa dakika sita na sekunde arubaini, na tofauti kati ya siku moja na nyingine haikuzidi sekunde kumi na tano. Nilipomweleza alicheka, akasema nimesahau kuuliza jambo kubwa zaidi: hizo mia mbili ni za Kusi. Kaskazi ikianza kuvuma na maji ya mfereji yakawa ya vuguvugu hata usiku, yeye hupunguza mpaka mia na sabini, na bado hutia barafu kwenye ndoo, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni ili isiizimue dawa.

Mwanga pia hakuupima kwa chombo. Alinyoosha mkono wake mbele yake, akautazama mgongo wa kiganja, akakunja macho kidogo, kisha akataja namba mbili. Juani ufukweni: kumi na sita na mia tano. Kichochoroni: nane na mia mbili hamsini. Barazani, chini ya dari: 5.6 na mia na ishirini na tano. Namba ya kwanza ni tundu la lenzi, ya pili ni kasi ya shata, kile kilango kinachopitisha mwanga, kwa sehemu za sekunde, na zote zilikuwa za filamu ya 400, namba ya kasi ya filamu, ambayo ikiwa ndogo filamu hudai mwanga mwingi zaidi. Nilizihifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu, na nilipopata kamera yangu mwenyewe, mpya kabisa, nilidhani nimekwisha kurithi jicho la Mzee.

Mwaka 1993 aliolewa binamu yangu. Bibi yangu, ambaye kwa miaka mingi alikataa kupigwa picha, siku hiyo alikubali kwa sharti kwamba iwe moja tu na asiambiwe acheke. Alikaa barazani amevaa buibui, amelifunua uso, na nyuma yake, ng'ambo ya ua, palikuwa na ukuta uliopakwa chokaa upya kwa ajili ya harusi, jua la saa saba likiupiga sawasawa. Nilitaja namba za baraza kichwani. Kisha ule weupe wa ukuta ukanitia hofu, nikaliziba tundu kwa hatua moja zaidi, yaani nikapunguza mwanga kwa nusu, nikabonyeza. Filamu iliposafishwa niliinua kwenye taa. Ukuta ulikuwepo na kila ufa wake. Kanzu za wajomba waliosimama pembeni juani zilikuwa nyeusi ti kwenye filamu, maana yake kwenye karatasi zitakuwa nyeupe bila mkunjo hata mmoja. Mahali pa Bibi palikuwa na plastiki tupu, safi kama kioo cha dirisha. Nilijaribu karatasi za kila daraja na kila hila ya kivuli na mwanga wa mashine ya kukuzia. Uso haukuja, kwa sababu haukuwepo. Mwaka uliofuata alifariki, na hiyo ndiyo picha yake pekee tuliyo nayo.

Nieleze kwa nini haikuwezekana kuokolewa, maana hapa ndipo ugomvi wote wa wapiga picha, kati ya wanaoipima filamu kwa majaribio na wanaoliamini jicho tu, unapoanzia. Filamu nyeusi na nyeupe ni utando wa jelatini wenye punje za chumvi za fedha, ile fedha ya mkufu na pete. Punje iliyoguswa na mwanga wa kutosha hugeuzwa na dawa kuwa fedha nyeusi, na isiyoguswa huyeyushwa na haipo ikaondoka na maji. Sehemu za giza za picha huamuliwa pale pale kwenye kamera, kwa wingi wa mwanga unaouruhusu kuingia. Dawa ikikaa muda mrefu haiwezi kuumba kitu mahali ambapo mwanga haukufika. Sehemu za weupe ni kinyume chake: kila dakika inayoongezeka ndani ya dawa huzidisha fedha mahali palipokwisha kupigwa na mwanga mwingi, mpaka mikunjo ya kanzu ikazibana na kuwa kibandiko kimoja cheupe. Uso wa Bibi niliupoteza kwa kidole changu, na kanzu za wajomba nilizipoteza kwa maji ya moto na kipimajoto, kama nitakavyosimulia.

Niliamua kuacha kubahatisha. Nilinunua kwa mtalii aliyekuwa akirudi kwao kipima mwanga cha kulenga, kile kinachotazama sehemu ndogo tu ya mandhari, na nikaanza kusoma juu ya mfumo wa kanda ambao wapiga picha wa Kimarekani, Ansel Adams na Fred Archer, waliuunda Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1930, walipokuwa wakifundisha. Mfumo huo huigawa picha katika kanda kumi na moja, tangu 0 ambayo ni weusi mtupu hadi X ambayo ni karatasi tupu, huku V ikiwa kijivu cha katikati, na humtaka mpiga picha aamue mapema kila kitu kitaangukia kanda gani. Lakini kabla ya kuamua unatakiwa uijue filamu yako ilivyo mikononi mwako, na hapo ndipo majaribio yanapoingia: upige kitu cha rangi moja kwa mwanga hafifu unaozidi kuongezeka, usafishe, kisha utafute fremu ambayo unene wa fedha yake umezidi ule wa filamu tupu kwa 0.10. Fremu hiyo ndiyo inayokwambia kasi halisi ya filamu yako, hata kama kisanduku kimeandikwa namba nyingine.

Chombo cha kupima unene huo sikuwa nacho. Rafiki yangu alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, na wao walikuwa nacho kwa ajili ya filamu za kutengenezea bamba, basi nikawa mgeni wa kila Jumamosi mchana. Nilimaliza mikanda kumi na minne bila kumpiga mtu hata mmoja. Mke wangu alizikuta karatasi za majaribio zimeanikwa kambani, zote za ukuta wa uani, ukuta mweusi, ukuta wa kijivu, ukuta mweupe, akazitazama moja moja kwa utulivu kisha akaniuliza, "Baba, ukuta huu unaozwa lini tujitayarishe?"

Ninacheka sasa, lakini sitasema muda ule ulipotea. Majaribio yalinionyesha kwamba maeneo yangu meupe huungua kila mara, hata nipunguze muda kama kijitabu kinavyoagiza, na sababu sikuipata kwenye kitabu chochote. Niliipata siku mtoto alipopata homa. Kipimajoto cha homa hakiwezi kupima maji ya baridi, ila maji ya vuguvugu ya nyuzi 38 hukipima sawasawa, na hakina ruhusa ya kudanganya. Nilivitia vipimajoto viwili pamoja kwenye bakuli. Cha hospitali kilisema 38, changu cha chumba cha giza kilisema 36. Kwa miaka minne nilikuwa nikisafisha filamu katika dawa yenye joto kuzidi nilivyodhani, na kila uzi mmoja wa joto huzidisha kazi ya dawa kwa takriban sehemu moja ya kumi. Mzee, aliyekuwa akichovya kidole, hakuwahi kukosea hivyo, kwa kuwa kidole chake kilikuwa kile kile siku zote na alikuwa amekifundisha kwa picha zilizoharibika.

Jambo la pili lililonisumbua ni ngozi. Maelezo mengi ya kanda huanza na uso wa Mzungu, ambao huwekwa kanda ya VI, na mwanafunzi huambiwa aupime uso kisha aongeze hatua moja. Ukimfanyia hivyo dada yangu, atatoka amepauka kama aliyepakwa unga. Na ukiiachia kamera yenyewe iamue, kamera ambayo hudhani ulimwengu wote ni wa kijivu, basi mbele ya ukuta wa chokaa itamzamisha gizani, na mbele ya mlango wa mninga itampausha. Hesabu hii kila mpiga picha wa pwani ameibeba kichwani tangu kamera zilipofika, ila nilivyoona mimi haikuandikwa mahali nilipoweza kuisoma.

Mwaka 1997, nikiwa na kipimo changu, daftari langu na fahari yangu, nilisafiri hadi Lamu, na kutoka mjini nikachukua mashua mpaka Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi. Chini ya banda la makuti palikuwa na mbavu za jahazi jipya, na fundi mzee ameketi ndani yake kama mtu aliyemezwa na samaki, akichonga ubao kwa tezo. Nje ya banda mchanga uling'aa. Nilipima kivuli cha chini ya mbavu, nikaandika. Nilipima kofia yake, nikaandika. Nilipima mchanga, nikaandika, nikakuta tofauti ya hatua saba, nikaanza kuhesabu muda wa dawa utakaonifaa. Wakati huo mjukuu wake aliingia mbio na kikombe cha chai, akajikwaa kwenye mbao, chai ikammwagikia babu mapajani, na yule mzee badala ya kukasirika alirusha kichwa nyuma akacheka kwa kinywa kizima, mkono mmoja ukiwa bado na tezo na mwingine umemshika mtoto asianguke. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari, kalamu mkononi. Nilipoinua kamera, mtoto alikuwa amekwisha kutoka na fundi alikuwa akikung'uta kikoi. Picha niliyoipiga baadaye ina kanda zote kumi na moja, na ndani yake hamna kitu.

Katika mashua ya kurudi nilikumbuka kisa ambacho wanaopinga majaribio hupenda kukisimulia. Mwaka 1941 Ansel Adams alikuwa akiendesha gari karibu na Hernandez, jimbo la New Mexico, jua linazama, akaona mwezi umepanda juu ya makaburi yenye misalaba meupe. Alisimamisha gari, akafunga kamera yake kubwa ya filamu za inchi nane kwa kumi, akatafuta kipima mwanga asikione. Alipiga bila kupima, sekunde moja kwa tundu la f/32, na kabla ya kuigeuza filamu apige ya pili, mwanga ukaiacha misalaba. Wanaosimulia huishia hapo: unaona, hata yeye mwenyewe alitumia jicho tu! Lakini wanaacha katikati. Adams alikumbuka kwamba mng'ao wa mwezi ni mishumaa 250 kwa futi mraba, akauweka mwezi kanda ya VII, akaihesabu kasi ya filamu yake ya 64 na kichujio kilichodai mwanga mara tatu, na jibu likaja. Aliweza kufanya hesabu hiyo kando ya barabara kwa sababu ilikuwa imemkaa mwilini kwa miaka. Na hata hivyo filamu hiyo ilimtesa: sehemu ya mbele ilikuwa nyembamba, na mwaka 1948 ilimbidi aiimarishe kwa dawa. Mimi nilikuwa na vipimo vyote na sikuwa na picha. Yeye hakuwa na kipimo na picha alipata. Ila tofauti yetu haikuwa kwamba mimi nilipima na yeye hakupima.

Nilirudi kwa Mzee, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuiacha studio na macho yameanza kuingia ukungu. Nilimwomba kamera yake ya zamani nikaipeleka kwa fundi mwenye kifaa cha kupima shata, si kwa nia yoyote ila udadisi. Jibu lilinikalisha chini. Mafuta ndani ya shata yalikuwa yameganda kwa uzee na unyevu wa bahari, na pale palipoandikwa 125 ilifunguka kwa karibu sehemu moja ya sitini ya sekunde. Kasi nyingine nazo zilichelewa vivyo hivyo. Kila namba aliyonitajia Mzee ilikuwa sahihi ndani ya kamera ile, na nilipoihamishia kwenye kamera yangu mpya ilipungua kwa hatua nzima. Ongeza hatua ile nyingine niliyoipunguza kwa hofu ya ukuta, na utaona uso wa Bibi ulikokwenda. Namba za Mzee zilikuwa za Mzee, na shata yake, na barafu yake, na swala zake.

Basi nilifanya jaribio moja la mwisho, safari hii bila ukuta na bila kiwanda cha uchapaji. Nilimketisha dada yangu barazani amevaa buibui, pembeni yake juani nikaning'iniza kanzu yangu nyeupe yenye darizi nyeupe shingoni, na nyuma nikatandika mkeka wa ukili. Mkanda mmoja wa HP5 Plus, filamu nyeusi na nyeupe ya 400, fremu 36, nilioukata vipande vitatu gizani. Kila kipande nilipiga kana kwamba filamu ni ya 800, ya 400, ya 200 na ya 100, na kila kipande nikakisafisha kwa muda wake. Sikutumia nyuzijoto 20 za kwenye kijitabu, kwa kuwa maji yetu hutoka mferejini yakiwa 28, na kuyashusha hadi 20 ni kufukuzana na barafu inayoyeyuka. Nilichagua 24, joto ninaloweza kulishika kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha nilichapa zote kwenye karatasi ya daraja la kawaida na kujiuliza maswali mawili tu: je, mshono wa buibui unaonekana, na je, darizi ya kanzu inaonekana? Palikuwa na kipande kimoja kilichojibu ndiyo kwa yote mawili, na uso wa dada ukawa ndio wake. Filamu iwe ya 200, dawa ya ID-11 izimuliwe nusu kwa nusu na maji, dakika saba na nusu. Kazi nzima ilichukua jioni moja. Na hiyo 200, ukiihesabu, ni ule ule mwanga ambao shata nzito ya Mzee ilikuwa ikiupa filamu ya 400 miaka yote ile.

Tangu hapo sikupima filamu hiyo tena. Nilichofanya ni kulizoesha jicho: kwa miezi kadhaa nilitembea na kipima mwanga mfukoni bila kamera, na kila nilipofika mahali nilitaja namba kwanza kwa sauti, kisha ndipo nikakitoa kipimo kinisahihishe. Kwenye vichochoro nilikuwa nikikosea kwa hatua mbili, nikidhani pana mwanga kuliko uliopo, kwa sababu jicho hujizoeza haraka na kusahau. Vijana wanaoanza filamu leo, na wapo, huniuliza wanunue kipimo gani. Huwaambia wanunue cha bei ndogo na wabishane nacho kila siku.

Matondoni nilirudi katika Kusi ya mwaka 1998. Jahazi lile lilikuwa limekwisha kuingia majini na banda lilikuwa na jingine. Nilimsalimu fundi, nikakaa, nikaweka nne na mia na ishirini na tano, nikakiacha kipimo ndani ya mkoba. Chai haikumwagika safari hii wala hakucheka. Karibu na adhuhuri alitua tezo, akavuta uzi kutoka ubao mmoja hadi mwingine, akafumba jicho moja, na mjukuu, akiwa upande wa pili ameushika uzi kwa meno kwa sababu mikono yake ilikuwa na misumari, akafumba la kwake.

Nilimpelekea Mzee picha hiyo. Aliisogeza dirishani, akaileta karibu kabisa na pua kwa ajili ya macho yake, akaitazama mbavu za jahazi zilizo kivulini na mchanga wa nje ambao ulikuwa na chembe zake.

"Swala ngapi?" akauliza.

Nilihesabu. "Mia mbili na ishirini na tano, Mzee."

"Kusi?"

"Kusi."

"Nyingi."

"Dawa nimeizimua, Mzee. Nusu kwa nusu."

"Ah," akasema, na akairudisha picha puani kumtazama mtoto na uzi wake.